Wanafunzi wakisikiliza Kiingereza hawaelewi: dalili, chanzo na cha kufanya

Kila mwaka fomu wani wakishaingia swali la walimu ni lile lile, madam, hawa watoto hawasikii Kiingereza kabisa nifanyeje. Ukimuuliza mwalimu hawasikii kivipi anarudia tu, hawasikii. Sasa hiyo ni sawa na kumwambia fundi gari haiwaki, inaweza ikawa betri na inaweza ikawa mafuta yameisha. Na Kiswahili chenyewe kinatuchanganya hapa, maana "kusikia" kwetu ni sikio kupata sauti na pia ni kuelewa lugha, tunasema fulani anasikia Kijaluo, kwa hiyo matatizo mengi tofauti yanapewa jina moja halafu yote yanatibiwa kwa dawa moja, mwalimu kupaza sauti.

Kabla ya kwenda kwenye dalili fanya vipimo viwili, havizidi dakika tano. Cha kwanza, kile ulichowasikilizisha wakashindwa, wape kimeandikwa ubaoni wasome kimya. Wakielewa, maneno wanayo ila masikio hayayatambui, hapo ndo kuna kazi ya kusikiliza. Wasipoelewa hata wakisoma, acha kucheza rekodi, tatizo ni msamiati na hata ukirudia mara kumi ni kazi bure, chagua kitu chepesi. Cha pili, sema jambo hilo hilo kwa Kiswahili, sauti ile ile, umesimama pale pale. Wa nyuma wasiposhika hata Kiswahili basi usilaumu Kiingereza, ni chumba au spika au sikio.

Dalili: "Anaongea haraka sana"

Hii ndo malalamiko namba moja, na mara nyingi spidi sio tatizo. Msemaji wa kawaida tu, anaongea taratibu, bado watakwambia anakimbiza. Chanzo kikubwa ni kwamba mtoto amejifunza maneno kwa macho. Miaka saba ya msingi kila kitu Kiswahili, Kiingereza ni kipindi tu, na hicho kipindi chenyewe ni kunakili ubaoni. Kwa hiyo kichwani ana picha ya neno, na kila neno limeachana na mwenzake kwa nafasi. Mdomoni hakuna nafasi.

Niliwahi kuwachezea fomu wani rekodi ya mtu yuko hotelini anaagiza "a cup of tea". Nikauliza ameagiza nini, darasa zima CHAPATI! Nikadhani wanatania. Nikarudisha, nikasikiliza mimi mwenyewe, kweli bwana, jamaa anasema "akapati". Ile "of" imemezwa imebaki "a" tu, "cup" imeunganika nayo. Watoto walisikia vizuri kuliko nilivyodhani, waliisikia sauti jinsi ilivyo halafu wakaitafutia neno wanalolijua.

Kiswahili kila silabi inapata haki yake, ka-ri-bu-ni, hakuna inayomezwa. Kiingereza kinakandamiza silabi moja au mbili zenye uzito, zingine zinapita kama upepo. "To", "of", "for", "and", "can", "have", hivi vineno ukivisoma peke yake vina sauti kamili, vikiwa ndani ya sentensi vinabaki mguno. "Did you" inakuwa "dija", "want to" inakuwa "wona" au "wana", "tell him" inakuwa "telim" na ile h imeenda zake.

Cha kufanya kwanza, usipunguze spidi ya rekodi. Najua YouTube na VLC zina hiyo sehemu, na ukishusha kidogo inasaidia kwa mara ya kwanza, lakini ukishusha sana sauti inakuwa ya mlevi na bado maneno yameungana vile vile. Bora spidi ibaki ile ile uongeze kupumua, yaani unasimamisha kila baada ya kifungu cha maneno matano sita, wanamalizia kichwani, unaendelea. Kama una kompyuta, Audacity ni programu ya bure ya kukatakata sauti, unaweka ukimya kati ya sentensi na sentensi na imeisha.

Halafu kuna kazi ya sekunde tano, mimi hii ndo naitegemea kuliko zote. Chukua kipande kifupi kabisa, sekunde nne tano, kicheze mara tatu. Wanaandika wanachosikia, hata kama ni upuuzi, hata kwa herufi za Kiswahili, mwambie andika "akapati" kama ndo umesikia. Kisha andika sentensi halisi ubaoni waweke mstari chini ya maneno waliyoyakosa. Utashangaa, mara nyingi ni vineno vidogo au mahali maneno mawili yameshikana, sio msamiati mgumu. Cheza tena huku wanatazama ubao. Mwisho futa ubao, cheza bila maandishi. Dakika kumi tu, mara tatu kwa wiki, na usiweke maksi.

Na imla zetu zile za "The... boy... went... to..." naomba tuziache. Zinamfundisha mtoto kusubiri nafasi ambayo hataipata kwa mtu yeyote duniani isipokuwa mwalimu wake. Soma kifungu kizima kwa mwendo wa kawaida, nyamaza waandike, rudia kifungu kizima.

Dalili: Darasa zima linaitikia "Yes madaaam" lakini hakuna aliyeelewa

Chanzo ni swali lako. "Do you understand?" jibu lake linajulikana tangu chekechea, ni kama hodi na karibu. Hata mimi nikiwa kwenye semina mkufunzi akiuliza tumeelewana, naitikia.

Badilisha swali liwe kitendo. Sema "put your pen under your book", angalia mikono. Wanaoangalia wenzao kabla ya kusogeza kalamu hao hawajaelewa, wahesabu kimya kimya na usiwaumbue. Kwenye rekodi pia waoneshe kwa kidole kwenye picha, wachore, wapange karatasi. Darasa la watoto themanini huwezi kusahihisha daftari zote lakini unaweza kuona vidole themanini kwa mara moja, moja mbili tatu kwa chaguo la jibu, macho yamefumbwa ili wasiibiane.

Kama bado hola, sababu inayofuata ni kwamba hawakujua wanatafuta nini. Umecheza dakika tatu halafu ndo unauliza maswali, hapo unapima kumbukumbu. Hata kwa Kiswahili ukinisomea taarifa ya habari dakika tatu halafu uniulize namba ya barabara iliyofungwa sina. Toa swali KABLA, na mara ya kwanza swali liwe moja tu jepesi, wako wangapi, wako wapi, wamekasirika au wamefurahi. Vitu vidogo vidogo vinakuja mara ya pili na ya tatu.

Dalili: Wanasikia maneno ila jibu linakuwa kinyume

Hii naipenda maana makosa yake yana akili ndani yake. Anza na saa. Rekodi inasema basi linaondoka "at nine o'clock", mtoto anaandika saa tisa. Amesikia nine, nine ni tisa, kosa lake nini? Kosa ni kwamba siku yetu inaanza kuhesabiwa asubuhi na ya kwao inaanza usiku wa manane, hivyo nine ya asubuhi ni saa tatu. Usimwambie hakusikiliza. Chora saa ya mishale, mwambie aangalie mshale uko wapi, asitafsiri namba. Kwenye mtihani wa kuigiza mazungumzo ya safari hii peke yake inakula maksi nyingi.

Halafu swali lenye kukanusha. "Don't you have a pen?" Kwetu huna kalamu? ndiyo, sina. Wao "No, I don't". Mtoto akisikia "No" kwenye rekodi anaelewa kwamba msemaji amekataa, yaani kalamu anayo. Kanuni ni fupi, sikiliza kinachokuja baada ya No au Yes, usiishie kwenye neno la kwanza.

He na she. Sisi yeye ni yeye, awe mjomba awe shangazi. Sikio halijazoea kutafuta tofauti hiyo, mtoto anapitiliza tu halafu hadithi yenye mama na baba inamchanganya nani kampiga nani. Dawa ni hadithi fupi ya watu wawili, mwanamke na mwanaume, kila wakisikia he wanainua mkono wa kulia na she wa kushoto. Watacheka, wacha wacheke.

"Can" na "can't": wanasubiri ile t ya mwisho na mara nyingi haisikiki. Wafundishe kusikiliza uzito. "Can" humezwa, "I kn swim", na "can't" hukandamizwa na kuvutwa, Mwingereza wa kusini anasema "kaant", Mmarekani anaifungia puani. Kikiwa kimemezwa ni ndiyo.

Na "fifteen" na "fifty". Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno la silabi mbili sikio letu linapigia ya kwanza yote mawili, FIFtiin FIFti, tofauti inapotea. Vitabu vinasema sikiliza mkazo, lakini "fifteen men" mkazo wenyewe unahama unarudi mbele, kwa hiyo mimi nawaambia sikilizeni mkia, kuna "n" au hakuna. Rahisi zaidi.

Dalili: Maneno mawili yanasikika kama moja

"Ship" na "sheep", "hat", "hut", "heart" na "hurt". Irabu zetu ni tano, Kiingereza cha Uingereza kina kama ishirini ukihesabu na zile za kuunganisha, kwa hiyo sauti nne zinagombania kiti cha "a" kimoja. Usipoteze mwezi mzima hapa. Kwenye sentensi maana inaokoa, hakuna mtu atasema amepanda kondoo kwenda Zanzibar. Dakika tano za kusikia jozi mbili, kidole kimoja au viwili, unaendelea. Na kumbuka kama wewe mwenyewe hutofautishi (wengi wetu hatutofautishi, tusifichane) basi tumia rekodi kwa hili zoezi tu.

Th haina shida kwa watoto wa Pwani, thamani na dhahabu wanazo. R na l kuna maeneo ya bara inasumbua, na hapo pia maana inaokoa.

Dalili: Akikosa neno moja anapotea mpaka mwisho

Utamuona, kalamu imesimama, macho juu, bado anatafuta lile neno la sekunde ya kumi na rekodi iko dakika ya pili. Chanzo kikuu ni woga, amefundishwa kwamba kila neno ni lazima. Cha pili anatafsiri neno kwa neno kichwani na foleni imekuwa ndefu.

Mzoeze kuacha. Soma hadithi huku unakohoa kwa makusudi juu ya neno moja kila sentensi, kisha uliza hadithi inahusu nini. Wataijua. Wakishaona wameelewa na maneno sita hawajayasikia kabisa, kitu kinalegea. Wanaojiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hii ni ya lazima, maswali 40 kwa kama nusu saa na rekodi inasikika mara moja tu, ukikaa kwenye swali la 12 unapoteza la 13 na la 14 pia. Andika alama ya mstari, songa.

Dalili: Mwalimu wao wanamwelewa, mtu mwingine hapana

Wamezoea sauti moja, basi. Usikimbilie kutafuta Mzungu. Rekodi walimu wenzako kwa simu, mwalimu wa fizikia aeleze njia ya kwenda kwake, yule aliyesoma Uganda asimulie siku yake ya kwanza shuleni, dakika moja moja. Sauti nne tofauti na zote zinaongea vitu ambavyo watoto wanavijua. BBC Learning English ina vipindi vifupi vyenye maandishi yake, unapakua nyumbani unakuja navyo kwenye flashi, maana wanafunzi simu haziruhusiwi na bando lako sio la shule.

Sababu nyingine ni wewe kutafsiri kila sentensi papo hapo. Wanajua Kiswahili kinakuja, wahangaike na Kiingereza cha nini. Kiswahili kitumie, sikatazi, ila mwisho wa shughuli, na kwa kueleza kazi ngumu.

Dalili: Wa nyuma hawapati kitu, au rekodi inasikika kama mtu yuko ndani ya pipa

Angalia vitu rahisi kwanza. Kama ni sabufa, punguza besi na ongeza trebo, zile ngoma za besi ni tamu kwa muziki ila maneno zinayafunika. Herufi kama s, f, t na th ni sauti nyembamba na ndo zinapotea mwanzo umbali ukiongezeka, ndo maana wa nyuma wanakosa wingi, "books" wanaandika "book", na wewe unadhani ni sarufi. Simu ndani ya ndoo inaongeza mvumo lakini inafanya yale yale ya besi, mimi siipendi. Spika iweke juu ya kiti katikati ya chumba.

Neno la kwanza linakatika kila ukicheza? Spika nyingi za bluetooth zikikaa kimya zinalala, zikiamka zinameza sekunde ya mwanzo. Cheza muziki kidogo kabla au tumia waya.

Mvua ikianza kwenye bati, zima. Hakuna ujanja hapo, wape kazi ya kusoma.

SIMAMA HAPA: amplifaya ikikupiga shoti hata kidogo ukiigusa, ikinuka kuungua, au waya uko wazi, chomoa ukutani kama plagi iko salama, la sivyo zima kwenye meini swichi, kisha ita fundi umeme. Usiwatume wanafunzi "wakajaribu kuunga".

Dalili: Mmoja tu ndo hashiki, wengine wako sawa

Hapa kuwa makini. Sababu ya kawaida bado ni kwamba yuko nyuma kidogo kwa lugha. Lakini rudi kwenye kile kipimo cha Kiswahili. Simama nyuma yake umbali wa mkono, azibe sikio moja kwa kidole, nong'ona kwa KISWAHILI namba na herufi mchanganyiko, nne be saba, arudie. Fanya mara mbili kila sikio. Akikosa zaidi ya nusu, na chumba kiko kimya, usiendelee kumfundisha kusikiliza, sio kazi yako tena.

Dalili zingine ni kugeuza kichwa upande mmoja kila ukiongea, kukodolea mdomo wako, kuitika jina la mwenzake, kuongea kwa sauti kubwa kuliko wote. Uliza nyumbani kama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo au kama sikio hutoa usaha.

Kutoa usaha au damu, maumivu, au sikio kuziba ghafla: hospitali, na la ghafla aende siku hiyo hiyo, lisisubiri ijumaa ya ruhusa. Hospitali ya wilaya wakishindwa watampa rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Usimwekee mafuta ya uvuguvugu, usimchokoe na njiti ya kiberiti wala pamba za vijiti, zinasukuma nta ndani na zinaweza kutoboa ngoma ya sikio.

Kwenye shule moja niliyofundisha alikuwepo kijana wa fomu tuu, imla zake zote alikuwa anapata sifuri au anapata kila kitu, katikati hakuna. Tulimuita mwizi wa majibu, na mimi nimo. Siku nabadilisha mpangilio wa madawati ndo nikagundua, akikaa upande wa dirisha anapata, akikaa upande wa mlango anakosa. Sikio la kushoto lilikuwa limeziba nta, mama yake alisema toka yuko la nne. Zahanati walimpa dawa ya kulainisha siku kadhaa wakamsafisha, akarudi analalamika kwamba bweni lina kelele.